Figa la Tatu

Hapo zamani, na msikilize vizuri kwa sababu mwishoni nitawauliza, shule zilifungwa kwa likizo ndefu, na watoto wa kijiji kimoja cha milimani Upare wakawa kila siku wanajipikilisha nyuma ya nyumba.

Walikuwa watatu. Nanzia alikuwa mama wa mchezo, kwa sababu kisufuria kilikuwa cha kwao. Mrindoko alitafuta kuni. Namkunda alimenya ndizi. Wa nne alikuwa Kiangi, mdogo wake Nanzia, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Kiangi hakuwa na cha kuchangia, kwa hiyo walimfanya baba. Alijificha nyuma ya mgomba, na chakula kikiiva alitokea akikohoa kama mtu mzima: "Hodi! Nimetoka kazini. Nina njaa." Wote walicheka, naye akapakuliwa wa kwanza.

Ukimwacha baba, mchezo ulikuwa na sheria moja tu. Aliyechangia anakula. Asiyechangia anatazama.

Siku ya kwanza walipika ndizi, zikaungua, wakala. Siku ya pili walipika mchicha, wakasahau chumvi, wakala. Siku ya tatu, kabla maji hayajachemka, figa moja likapasuka, paa! Moto ukazimika.

"Ni jiwe la mtoni hilo," Nanzia alisema. "Mrindoko, nilikwambia mawe ya mtoni yanapasuka. Kalete jingine, na ukirudi mikono mitupu utakula maganda."

Mrindoko alizunguka, hakuona jiwe la kufaa. Mwishowe akafika kwenye mahame, mahali ambapo zamani aliishi mama mmoja na binti yake. Wote wawili walikufa mwaka wa njaa, chungu kikiwa mekoni. Watu wa kijiji kile hawagusi mafiga ya marehemu. Huyaacha mpaka majani yayafunike. Lakini mafiga ya mama yule hayakuwa yameota hata jani moja. Mrindoko alitazama kulia, akatazama kushoto, akabeba moja.

Namkunda ndiye aliyelipokea. Upande wa chini lilikuwa na joto. Alimtazama Mrindoko, Mrindoko akatazama pembeni. Namkunda akajua limetoka wapi. Lakini ndizi alikuwa amekwisha kuzimenya, na tumbo lilimuuma kwa njaa. Akalipanga, akanyamaza.

Moto ulishika bila kupulizwa. Moshi haukupanda juu. Ulitambaa chini, taratibu, ukielekea mahame.

Ndizi zilipoiva, wakamwona msichana amesimama karibu yao, kifuu mkononi. Hawakumjua. Nywele zake zilikuwa na jivu.

"Nipakulieni na mimi," alisema.

"Umechangia nini?" Nanzia aliuliza.

"Figa."

Nanzia akacheka. "Figa linaliwa, shoga? Nenda kalete hata ndizi moja kwenu."

"Kwetu hakuna ndizi."

"Basi na hapa hakuna fungu lako."

Msichana hakulia. "Si mnasema aliyechangia anakula?"

"Tunasema chakula!"

"Hamkusema chakula," alijibu, akaondoka. Majani aliyoyakanyaga hayakulia.

Wakapakua. Wakamngoja baba akohoe. Wakangoja. Nyuma ya mgomba kulikuwa kimya. Kisha wakaisikia sauti ya Kiangi, lakini kutoka mbali, kutoka kule mahame:

"Hodi! Nimetoka kazini. Nina njaa."

Na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa upole: "Karibu, baba. Chakula tayari."

Nanzia alipiga yowe, akakimbia na mwiko mkononi. Namkunda akamfuata. Mrindoko alilichomoa figa motoni kwa mikono mitupu, akalibeba likiwa la moto, ngozi ya viganja ikabaki juu yake.

Walimkuta Kiangi amekaa mekoni, akila kutoka kwenye kifuu kitupu. Alitafuna, akameza, akatafuna tena. Miguu yake ilikuwa jivu. Kila alipomeza, jivu lilipanda. Lilikuwa kwenye vifundo, likafika magotini.

"Figa hili hapa!" Mrindoko alilia. "Nimelirudisha!"

"Figa nimepokea," ilisema sauti, na mwenye sauti hakuonekana. "Na njaa ya mwanangu je? Mtoto huyu sina haja naye. Nataka mpishi. Chungu changu hakijaiva tangu mwaka ule. Mmoja wenu akae akoroge, nami nitamwachia huyu."

"Akoroge mpaka lini?" Namkunda aliuliza.

"Mpaka kiive."

Wakachungulia chunguni. Yalikuwa maji matupu.

Nanzia akaangusha mwiko. "Mrindoko, kaa wewe! Wewe ndiye mwizi."

"Nani alinituma? Nani alisema nitakula maganda? Na mimi nimelipa, tazama mikono yangu! Akae Namkunda. Alijua, akanyamaza."

"Mimi sikuiba, na sikumnyima mtu," Namkunda alisema. "Yule msichana aliomba kwa adabu, Nanzia ukamcheka. Ungempa kipande kimoja tu, tungekuwa nyumbani sasa."

"Nilifuata sheria! Sheria tuliiweka sote, na nyote wawili mlikuwepo nikimfukuza. Nani alifungua mdomo? Tena huyu ni mdogo wangu. Nikibaki mimi, nani atamwambia mama?"

Kiangi akameza. Jivu likafika kiunoni.

Sasa ninyi mnaosikiliza, mmoja wao aliinama akauokota mwiko. Jioni ile watoto watatu walirudi kijijini, na Kiangi alikuwa mmojawao. Shule zilipofunguliwa, dawati moja lilikaa tupu, na linakaa tupu hata leo. Na kila likizo, watoto wakiwasha moto wao, moshi hutoka mahame pia.

Sisemi lilikuwa dawati la nani. Semeni ninyi kwanza. Mmoja alitwaa, mmoja alinyamaza, mmoja alinyima. Jivu liko kifuani kwa mtoto na mwiko uko chini. Je, nani alistahili kuuokota?