Lori Kwenye Kona ya Mwanakombo

Mwanakombo alikuwa akipepeta mchele wake wa mwisho, jirani yake Zuhura akaingia mbio.

"Shoga, yule tajiri Tamimu anataka kujenga duka kubwa kule mwisho wa mtaa! Malori yatapita hapa hapa wanapocheza watoto. Kesho mkaguzi wa manispaa anakuja kuidhinisha."

Mwanakombo alijitanda kanga, akaenda kwa Tamimu.

"Bwana, watu wanasema eti malori hayapiti njia yetu."

"Yanapita hata mawili!"

"Basi kesho mwonyeshe mkaguzi. Lete lori, ulijaze sadaka ya mchele na nyama, uwafumbe watu midomo."

Tamimu alicheka. "Mtaa mzima, mwenye akili ni wewe."

Kesho yake lori lilikwama kwenye kona ya Mwanakombo, ukuta huku, ukuta kule. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mkaguzi alilikataa duka palepale.

"Ulijua!" Tamimu alifoka.

"Kitanda changu cha harusi kilipitishwa juu ya mapaa, bwana. Haya, tulipakue mzigo lipate kusukumika."

Jioni pilau ilipakuliwa. Mwanakombo aliwahesabu watoto wa mtaa, wote wapo.

"Na Tamimu?" Zuhura aliuliza.

"Yule pale, anaomba aongezwe nyama."