Sauti Nyuma ya Mlango wa Kanisa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba jambo la mwisho la kawaida siku ile, katika mji mmoja wa kisiwa cha Ngazija, lilikuwa utani wa muuza kahawa. Alasiri alimkuta Mzee Mbae Soilihi amesimama mbele ya kanisa lililofungwa, fagio mkononi, akipiga hodi.

"Mzee Mbae, atakukaribisha nani humo? Popo?"

"Baraza ya watu haifagiliwi bila hodi," alijibu Mbae. Wakacheka, na muuza kahawa akachukua dele lake la kahawa akaenda zake.

Mbae alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na ufunguo wa kanisa lile ulikuwa amana kwake. Mwaka wa kipindupindu padri wa kanisa hilo aliwafungulia wagonjwa wa dini zote, na mke wa Mbae, Bi Mwanaesha, aliwauguza humo mpaka naye akafia humo humo. Padri alipoondoka kisiwani alimwambia Mbae: "Humu mna vitu vyetu vitakatifu. Usimfungulie mtu, wala usiingie wewe, mpaka waje wenzangu." Mbae akaapa.

Basi alipoinama kufagia, sauti ikatoka ndani: "Karibu. Mbona umekawia?"

Fagio likamponyoka. Ndivyo marehemu mkewe alivyokuwa akimpokea kila siku: kwanza karibu, kisha lawama ndogo. Hapakuwa na upepo. Kitasa kilikuwa na kutu, na utando wa buibui juu ya mlango haukuwa umekatika.

"Audhu billahi," alisema Mbae.

Ikaja tena, nyuma tu ya ubao wa mlango: "Mbae, karibu."

Hakuogopa, na hilo ndilo lililomtisha. Alitia ufunguo, akauzungusha nusu. Akasikia pumzi upande wa pili, ikingoja.

"Kama ni wewe, Mwanaesha," alisema huku machozi yakimtoka, "unajua nimeapa. Na kama si wewe, Mwenyezi Mungu anakujua."

Akaurudisha ufunguo, akauchomoa. Alikaa barazani akiegemea mlango, akivuta tasbihi hadi adhana ya magharibi. Na muda wote huo alihisi joto likipenya ubao, pale pale ulipogusa mgongo wake.

Asubuhi alikwenda kwa kadhi, akauweka ufunguo mbele yake na kumweleza yote.

"Ulifungua?" aliuliza kadhi.

"Sikufungua, Sheikh. Lakini niliuzungusha nusu."

"Basi amana imesalimika. Chukua ufunguo wako. Nimpe nani aliye mwaminifu kukushinda?"

"Jana nilistahimili. Leo akiniita nitafungua," alisema Mbae. "Mpe mtu asiye na mtu wake humo ndani."

Kadhi akaupokea. Mwenyezi Mungu amrehemu mja Wake yule. Wengi wetu huishikilia amana mpaka tukaivunja, kwa kuona haya kusema tumechoka; yeye aliirudisha ingali nzima, kisha akaenda nyumbani peke yake.