Wazee Tisa na Video Zilizofika Bila Sauti

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, bali hizi za juzi ambapo mtu anaweza kufa na sauti yake ikabaki ndani ya kompyuta, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Wakesho. Alifundisha Ndighira, kijiji kilichojibanza kwenye mteremko wa milima ya Taita. Chini ya kijiji palikuwa na shamba kubwa la mkonge, na shamba lile lilikuwa likipanda mlima. Mwaka huu safu kumi, mwaka wa pili safu kumi nyingine, mpaka mkonge ukafika kwenye makaburi.

Kijiji kikaenda kwenye baraza la ardhi. Baraza likauliza, "Mpaka wenu uko wapi, na nani anaujua?"

Wakesho akachukua kamera ya shule akawafuata wazee tisa waliokuwa wakiujua. Miaka mitatu aliwafuata. Mzee Mwakisha, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia, alibebwa na wajukuu kwenye kiti mpaka ukingoni mwa kijito. Akanyoosha fimbo mbele ya kamera akasema, "Hapa nilimzika mdogo wangu mwaka wa njaa. Jiwe hili niliweka mimi. Wakati huo mkonge ulikuwa kule chini, hata harufu yake hatukuijua."

Kabla kesi haijaitwa, wazee watano kati ya wale tisa walifariki, Mzee Mwakisha akiwa wa kwanza. Matanga yalifuatana. Na kila msiba Wakesho aliwaambia wafiwa, "Shahidi wetu hajaondoka. Ninaye. Mtamsikia barazani."

Ndivyo alivyowaahidi. Lishikeni hilo.

Baraza likatoa agizo kwamba ushahidi wote utumwe kwa mtandao, uingie kwenye kompyuta yake kuu kabla ya Ijumaa saa kumi. Video zilikuwa nzito, barua pepe ikazikataa. Baraza likampa Wakesho jina la kuingilia na nywila, likasema atumie programu ya kuhamishia mafaili. Wakesho hakuwahi kuiona programu kama hiyo. Akaenda kwa Mwambi.

Mwambi alikuwa na saiba, yaani duka la kompyuta na mtandao, karibu na soko, na aliwahi kuwa mwanafunzi wa Wakesho darasa la nne. Video zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya Righa, mweka vifaa wa kamati ya ardhi, naye akaileta akaiunganisha na mtandao wa saiba, akaenda zake. Mwambi akafungua programu kwenye kompyuta yake mwenyewe, dirisha likagawanyika mara mbili.

"Tazama, Mwalimu. Kushoto ni hapa petu. Kulia ni kule barazani. Unakamata faili la kushoto unalivuta kulia, linakwenda. Kila faili lina namba ya ukubwa wake. Likishafika, namba ya kushoto na ya kulia ziwe sawasawa. Hilo nakuachia wewe, mimi nashughulika na mtandao."

Kazi ilichukua siku mbili. Mtandao ulikatika mara saba, na kila ulipokatika Mwambi aliendeleza pale ulipoishia. Hakudai chochote. Ijumaa saa tisa unusu programu ikaandika kwamba uhamishaji umekamilika. Palikuwa na fomu ya baraza ya kutia sahihi: "Nimelinganisha ukubwa wa kila faili na nimeridhika." Wakesho akatia sahihi.

Jumanne ya wiki ya pili kesi ikaitwa. Karani wa baraza akabonyeza faili la Mzee Mwakisha mbele ya wajumbe na mawakili, kwani wafiwa walikuwa hawajaitwa bado. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza la pili, ukatoka mkwaruzo kama bati linaloburutwa kwenye mawe, kisha kimya. Yote tisa yalikuwa hivyo. Wakili wa shamba aliinamia karatasi zake, lakini Wakesho aliyaona mabega yake yakicheka.

Baraza likatoa siku ishirini na moja waletwe mashahidi walio hai, au nakala nyingine za video.

Wakesho alipanda mlima bila kupumzika mpaka kwa Righa. "Nipe zile za kwenye kompyuta yako."

Righa akamtazama. "Nilizifuta, Mwalimu. Jumatano ile. Na kadi za kamera pia."

Righa anasema hajawahi kumwona Wakesho akikasirika kama siku ile. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti cha Righa akauliza jambo moja tu, mara tatu: "Ulizifuta?" Na mara tatu Righa akajibu, "Nilizifuta."

Jumamosi mchana akawaita darasani kwake watu watatu: Mwambi wa saiba, Righa, na Mkiwa, yule karani wa baraza. Mkiwa angeweza kukataa, maana hakuwa mtu wa Ndighira. Alikuja kwa miguu yake.

Wakesho akasema, "Watoto wa wale wazee watano bado hawajui. Baraza limesema wanaweza kuja kuapa na kueleza waliyoyasikia kwa wazazi wao. Wazee wanne walio hai watasema wenyewe, lakini kwa wale watano hicho ndicho kilichobaki, ingawa uzito wake si ule ule. Basi lazima mtu aende kwenye nyumba tano, abishe hodi, aseme sauti ya mzazi wenu haipo na mimi ndiye niliyeipoteza. Mmoja wenu atakwenda. Nataka kujua ni nani."

Mwambi akaanza. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa ameikagua ile programu siku tatu mfululizo.

"Kosa nimeliona. Programu ile ina namna mbili za kubeba. Kuna ya maandishi na kuna ya vitu vingine vyote. Ikibeba maandishi, inarekebisha alama za mwisho wa kila mstari ili kompyuta ya kule iyasome vizuri. Maandishi hayadhuriki. Lakini video si maandishi. Programu ikapita ndani yake ikidhani inasafisha barua, kila ilipokuta kitu kinachofanana na alama ile ikakata. Maelfu ya mara. Huwezi kurudisha, kwa sababu hakuna ajuaye ilikata wapi. Mimi ndiye niliyeiacha kwenye maandishi tangu kazi yangu ya nyuma, na sikutazama. Hilo nalikubali. Lakini asili zilikuwa salama. Kosa langu lingetugharimu kurudia kazi ya siku mbili tu. Aliyeligeuza kuwa msiba si mimi. Mimi nilifanya kazi yangu bure, tena kwa moyo."

Righa akapandwa na hasira. "Usinitupie mimi. Nilikuuliza, zimefika? Ukasema zimefika. Nikakuuliza tena Jumatatu sokoni, una hakika? Ukasema programu yenyewe imeandika. Kamati iliniagiza nikarekodi kule chemchemi siku ya Alhamisi, kompyuta imejaa, kadi zimejaa. Ningerekodi kwenye kiganja? Nilifuta kitu nilichoambiwa kiko salama kwa serikali. Mimi nilifanya kazi yangu."

"Ungesubiri baraza lijibu," Wakesho akasema.

"Baraza ndilo hili hapa," Righa akasema akimnyooshea Mkiwa kidole. "Liulize lilijibu lini."

Mkiwa alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemzidi. "Jumatatu asubuhi nilifungua faili la kwanza likakataa," alisema polepole. "Nikadhani ni kompyuta yetu, ni kuukuu, hukataa vitu vingi. Nikasema nitajaribu kwenye nyingine. Sikujaribu. Kazi yangu imeandikwa: kupokea, kuhesabu, kupiga muhuri. Mafaili yalikuwa tisa, nikahesabu tisa. Hakuna palipoandikwa nitazame video za watu. Mimi nilifanya kazi yangu."

"Jumatatu," Wakesho akasema. "Righa alifuta Jumatano. Ungepiga simu moja."

"Ningepiga," Mkiwa akasema. "Najua. Ndiyo maana nimekuja. Lakini mwalimu, fomu iliyokuja na mafaili ilisema namba zimelinganishwa. Niliiamini sahihi."

Mwambi akainua kichwa kama mtu aliyekumbushwa kitu.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "faili likikatwa hivyo hupungua. Lazima namba za kulia zilikuwa ndogo kuliko za kushoto. Uliziangalia?"

Wakesho alighadhibika. Alitaka kumwambia huyu, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kalamu, kwamba hana haki ya kumhoji. Lakini Mwambi aliendelea kumtazama, si kwa ubishi, kwa kungoja tu, na wengine wawili nao wakangoja.

"Niliziangalia," akasema hatimaye.

"Zikawaje?"

"Zilipungua kidogo. Namba za mwisho mwisho. Nikadhani ndivyo vitu vinavyosafiri, kama mahindi yanavyopungua yakipita kinuni."

"Mbona hukuniuliza?"

Wakesho alitazama ubao. Alikuwa amesimama mbele ya ubao ule miaka ishirini na sita akiwaambia watoto kwamba asiyeuliza ndiye mjinga. "Ulikuwa mwanafunzi wangu," akasema. "Niliona haya."

Righa akacheka kicheko kibaya. "Siku nne nimelala na jina la muuaji, kumbe."

"Usinicheke," Wakesho akasema kwa ghadhabu. "Wazee wale niliwafuata mimi. Nani kati yenu aliyeshika hata mguu mmoja wa kile kiti? Bila mimi pasingekuwa na kitu cha kupotea."

"Bila wewe pasingekuwa na kitu," Mwambi akasema. "Na ukiwa umekiona kinapungua, ukatia sahihi."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Righa akasema mwenye kujua ndiye mwenye lawama, na aliyejua programu ni Mwambi. Mwambi akasema aliyefuta ndiye aliyezika. Wakesho akasema aliyeona Jumatatu na kunyamaza ni mbaya kuliko aliyekosea asijue. Mkiwa akasema kweli yeye aliona Jumatatu, lakini kuna aliyeona tangu Ijumaa. Maneno yakawa makali, yakatajwa mambo ya nyuma yasiyohusu video wala mpaka, na hakuna aliyesikia mlango ukifunguliwa.

Alikuwa Mkawasi, binti wa marehemu Mzee Mwakisha. Alikuwa amevaa gauni la kwenda kanisani, na nyuma yake walisimama watoto watatu waliooshwa wakang'aa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ameshika mguu wa nyuma wa kiti cha babu yake kule kijitoni.

"Samahani, Mwalimu," Mkawasi akasema. "Nimesikia karani wa baraza yuko hapa, nikasema nisipitwe. Huyu mdogo alizaliwa baada ya babu yake kufariki, hajawahi kuisikia sauti yake. Nilitaka kuuliza, tuje siku gani?"

Wakesho akamtazama Mwambi. Mwambi akamtazama Righa. Righa akamtazama Mkiwa, na Mkiwa akamtazama Wakesho. Mkawasi akangoja, mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Basi nanyi mliokaa mkisikiliza, msiniulize mimi, maana nami nimeshindwa. Aliyebeba vibaya, aliyefuta, aliyenyamaza, na aliyeona haya kuuliza: je, nani kati ya hao wanne alistahili kufungua kinywa na kumjibu yule mama?