Mama Siwema na Walezi wa Mfupani

Niwape, nisiwape?

*Tupe!*

Lakini si ya kucheka.

*Tupe hivyo hivyo!*

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia, amka, nisije nikarudia.

Hapo zamani, zamani sana, kila mfupa ulikuwa na mlango, na mwenye kupiga hodi alijibiwa. Leo ukigonga muundi wa mguu wako utaumia tu, hakuna atakayekwambia karibu.

Zamani hizo alikuwapo fisi jike, akiitwa Mama Siwema. Alizaa watoto wengi, wakafa wadogo. Akabaki Siwema peke yake, na mama yake alimpenda mapenzi ya kutisha.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka tope la kisimani likapasuka. Siwema akaenda kunyang'anya nyama mbele ya simba, na simba akamrarua paja. Damu ikamwagika, mchanga ukainywa. Alirudi akijikokota, ulimi mweupe.

Bi Nyamizi, mkubwa wa ukoo, akaja kumtazama.

"Pole, mwanangu," akamwambia Siwema. Kisha akamvuta mama mtu pembeni. "Mdogo wangu, nyumbu wamehama. Mwezi ukiandama tunawafuata. Asiyeweza kukimbia anabaki. Desturi unaijua."

"Naijua, dada. Watoto wa wenzangu nilishawaacha, sikugeuka hata nyuma."

Mama Siwema akarudi kwa mwanawe, akaulamba muundi wake, akaugonga kwa ukucha.

"Hodi!"

"Karibu, mama," sauti ikajibu kutoka ndani. "Sema polepole. Mzazi amelala."

Maana ndani ya mfupa, kwenye uboho, katika chumba cha giza, aliishi Mama wa Damu. Damu yote aliizaa yeye: wekundu wa kubeba pumzi, weupe wa kupigana na maradhi, na wale wadogo wadogo wa kuziba majeraha. Naye alikaa kama mwanamke aliyejifungua jana, hatoki nje, hapigwi na jua, ila arobaini yake haikuisha kamwe.

Alikuwa na walezi watatu. Mwimbaji alimshika mkono na kumbembeleza alale. Bawabu alikaa mlangoni, akiwazuia watoto wasitoke kabla hawajakomaa. Mpishi alimpikia uji.

"Mwanangu hana damu," akasema Mama Siwema. "Mwamsheni huyo azae!"

"Amezaa alfajiri," akajibu Mwimbaji. "Kesho atazaa tena, kidogo. Akizaa kwa utulivu, hutoa watoto na yeye mwenyewe akabaki vilevile. Akikurupushwa, hujimwaga mzima akaisha. Subiri, mama." Akaendelea kuimba:

*Lala, mzazi, lala,*
*giza ndiyo shuka yako.*
*Wa leo wametosha,*
*wa kesho wangali kwako.*

Moyo ukamwaka Mama Siwema. Mtoto wake anakufa, na humo ndani watu wanabembelezana! Akatafuna mzizi mchungu, akautemea ule mguu, akausugua kwa hasira.

"Toka!"

Siwema akatoka jasho, na katika tone moja la jasho Mwimbaji akatoka. Tone likaanguka mchangani, likakauka.

Mama wa Damu akashtuka usingizini. Akazaa, akazaa, akazaa. Jioni hiyo ulimi wa Siwema ulikuwa mwekundu.

"Mama, nimepata nguvu!"

Akasimama, akatembea. Lakini kutembea si kukimbia, na fisi mnamjua, akipata kidogo hutaka chote. Mama Siwema akaugonga mguu tena.

"Hodi!"

"Karibu, mama," akajibu Bawabu. "Lakini umetufanyia nini? Mzazi hajafumba macho. Watoto wamejaa humu hata pa kukanyaga hakuna."

"Wamejaa, na wewe umewafungia mlango?"

"Wabichi, mama. Mwekundu mbichi hajui kubeba pumzi. Mweupe mbichi hamjui adui. Nikiwatoa hivi, watazurura tu."

"Watajifunza njiani. Toka!"

Akampaka mwanawe ule mzizi machoni. Siwema akalia, na katika chozi moja Bawabu akatoka. Mlango ukabaki wazi, watoto wakamiminika nje, wengine macho hawajafumbua.

Siwema akakimbia! Akampita mama yake, akampita na Bi Nyamizi, fisi wote wakapiga kelele. Mama Siwema alifurahi mpaka akacheza peke yake kwenye vumbi.

Furaha haikulala. Kesho yake Siwema alihema kama aliyepanda mlima, na kumbe alikuwa amekaa. Ukimgusa kidogo, ngozi inavia damu. Pua ikamtoka damu, na mwili ukawa wa moto.

"Mama, kifua kimebana."

"Ni damu nyingi, mwanangu. Utaizoea," akasema mama, na mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Siku ya mwezi kuandama akaugonga mguu mara ya tatu.

"Hodi!"

"Karibu, mama." Alikuwa Mpishi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kulia. "Nimebaki peke yangu. Mzazi amekonda, namnywesha uji kwa kijiko. Tuachie giza letu. Nikikaa naye, huenda akarudi kuwa yeye."

Hapo Mama Siwema karibu akubali. Lakini akauliza, "Uji huo unaupika kwa kitu gani?"

"Kwa mafuta ya humu mfupani."

Jamani! Fisi ukimtajia mafuta, neno linalofuata halisikii. Hilo ndilo kosa lao tangu asili.

"Mafuta ya mwanangu! Kumbe ndiyo maana hapati nafuu. Humo ndani kuna walaji!"

Akampulizia Siwema unga wa mzizi puani. Siwema akapiga chafya, na Mpishi akatoka na ile pumzi.

"Hodi," akasema Mama Siwema.

Kimya.

"Hodi! Si umebaki mwenyewe na chakula chote? Zaa sasa!"

Kwa mbali sana, sauti kavu ikasema, "Nani anishike mkono?" Kisha haikusema tena.

Mwezi ukaandama. Fisi wakajipanga kuondoka. Bi Nyamizi akaja mlangoni mwa pango lao.

"Twende, mdogo wangu."

"Amepitiwa na usingizi tu, dada. Tunakuja nyuma yenu."

Bi Nyamizi akamtazama Siwema, akaenda zake. Naye hakugeuka nyuma.

"Mama," akasema Siwema, "niimbie ule wimbo wa kwenye mguu wangu. Nilikuwa nausikia nikilala."

Mama Siwema akaweka mdomo kwenye muundi wa mwanawe, akaimba. *Lala, mzazi, lala, giza ndiyo shuka yako.* Aliuimba wote, wala hakukosea neno. Lakini alikuwa nje ya mfupa, na hakuna aliyekuwamo ndani wa kuusikia. Alipofika kwenye watoto wa kesho, Siwema alikuwa amekwisha kata roho.

Tangu siku hiyo fisi huyo alizunguka porini kuwatafuta wale walezi. Akikuta mfupa wa kongoni, hodi. Kimya. Anaupasua, anachungulia kwenye uboho, hamna mtu. Akikuta wa punda, hodi. Kimya. Anaupasua. Watoto wa ukoo wake wakaiga, na wajukuu wakaiga. Nayo mifupa yote, kwa hofu, ikafunga milango yake, isijibu tena mtu.

Watu husema fisi anavunja mifupa kwa ulafi. Husema usiku anacheka. Hacheki. Sikilizeni vizuri, anapiga hodi.

Basi, wanangu, mafunzo ni haya. Mwenye kuzaa kwa ajili ya wote naye ana wanaomlea, na kazi yao haionekani kwa aliye nje. Ukiwafukuza kwa kuwaona wamekaa tu, leo utapata tele, na kesho utapiga hodi usijibiwe.

Imekwisha?

*Imekwisha!*

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha. Aliye karibu na mlango aufunge, na asiugonge.