Digidigi na Sinia la Dhahabu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuchelewa shule kama nilivyokuwa nikichelewa mimi, Mwalimu Kiboko aliagiza kila mwanafunzi aandike hadithi. Iliyo bora ingesomwa mbele ya wazazi.

Digidigi, mdogo kuliko begi lake, alikuwa na hadithi moja tu moyoni. Mama yake alikwenda mtoni kunywa maji, hakurudi. Tangu siku hiyo baba hakulitaja jina lake. Digidigi alitaka baba aisikie, angalau alie.

Akaandika: "Mama alikwenda mtoni. Uji wake ulipoa. Hatukuumwaga."

Paa! Kwato zikagonga dawati. Nyati huyo, na Fisi nyuma yake.

"We kijukuu cha panzi, lete hiyo hadithi! Sisi kalamu zinatukimbia."

"Hii? Aa, kaka zangu, hii haiwafai. Nitawaandikia inayong'aa!"

Akachekea tumboni. Akawarundikia kila pambo lililokaririwa darasani: jua likachomoza kama sinia la dhahabu, ndege wakatumbuiza, methali juu ya methali, na kisa hata cha dawa hamna. "Wakisomewa hii," akawaza, "watazomewa mpaka wafyate mikia."

Siku ikafika. Mzee Digidigi, baba yake, alikaa mstari wa mbele, manyoya kayachana kwa maji.

Mwalimu Kiboko akakohoa, ghuum! "Hadithi bora ni ya Nyati na Fisi. Jua lilichomoza kama sinia la dhahabu..."

Digidigi akasubiri zomeazomea. Wapi! Vifijo! Vigelegele! Fisi akainama kushukuru mpaka pua ikagusa sakafu.

"Na yangu, Mwalimu?"

"Yako? Methali hata moja haina! Uji umepoa, halafu? Jifunze kwa wenzako."

Muhula uliofuata akajifunza. Mama akaenda mtoni chini ya sinia la dhahabu, ndege wakatumbuiza, uji ukakosa nafasi. Digidigi akawa wa kwanza! Ikasomwa, makofi pa-pa-pa!

Njiani kurudi, mzee akamgeukia.

"Nzuri, mwanangu. Sasa... ilikuwa inamhusu nani?"

Digidigi akafungua mdomo amwambie. Yakatoka jua, sinia na ndege. Uji aliutafuta, hakuuona.

Basi, wanangu, hapo ndipo pananiumiza: wazo ukilivika nguo za kuazima, hata wewe uliyelizaa utapishana nalo njiani usilijue.