Kodi ya Chumba cha Mbele

Hapo zamani, si ile zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzi ambayo baadhi yenu mmeikuta, palikuwa na mlinzi wa geti katika shamba la mkonge nyuma ya Korogwe. Jina lake Mhina Kupaza. Mkewe aliitwa Mwajabu, na huyu Mwajabu ndiye wa kumwangalia, kwa sababu ndiye aliyekosa usingizi.

Walioana vijana, wakapewa nyumba ya kota. Nyumba ya kota mnaijua. Unalala humo, unazaa humo, unapaka chokaa kila Idi, lakini si yako. Siku mwenye shamba akisema umezeeka, unabeba godoro lako unatoka. Mhina aliliona hilo mapema. Wenzake walipooa walinunua redio. Yeye alinunua kiwanja kando ya barabara, kinachoteremka kwa nyuma mpaka kijitoni, na kibao cha kufyatulia tofali.

"Redio huwezi kulala ndani yake," alimwambia mkewe.

"Na tofali haiimbi taarabu," Mwajabu akajibu. Lakini akafunga kanga kiunoni, akaingia kukanyaga udongo.

Ikawa hivyo. Akazaliwa Sefu, Mhina akafyatua tofali. Akazaliwa Stumai, Mhina akafyatua tofali. Kila kiangazi anafyatua, anapanga tanuru, anachoma, anafunika kwa nyasi. Na akimaliza anaziacha palepale kijitoni, maana ndiko kwenye udongo na maji, na nani atapandisha mzigo ule mpaka barabarani kabla ya wakati wake? "Nitazisogeza mwaka wa kujenga," alisema.

Sefu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mwajabu akasema, "Baba Sefu, tuuze tofali kidogo, mtoto arudi darasani."

"Zile si tofali," Mhina akasema. "Ule ni uzee wetu umepangwa pale."

Basi ada ikatoka kwenye vitumbua vya Mwajabu, mpaka kucha zikanuka mafuta. Na rundo la Mhina likazidi kupanda.

Sasa Mwajabu alikuwa na udhaifu wake. Hakujua kumnyima mtu, hasa mtu aliyekuja na habari mpya. Bi Kibibi jiko lake lilianguka. Akaja kuomba tofali, na habari ya nyapara na mke wa mpishi wa meneja, iliyofika mpaka kwenye kanzu iliyosahauliwa uvunguni. Habari ilipoisha, Bi Kibibi alikuwa anaondoka na tofali kichwani. Akaja Bi Mwanshamba, kisima chake kinabomoka kingo, naye hakuja mdomo mtupu. Akaja mwingine, akaja na mwenzake. Akaja mwalimu wa madrasa, choo cha wanafunzi hakina ukuta, lakini hizo zilikuwa sadaka. Wengine wote walisema neno moja: "Nitarudisha, mwenzangu."

Naye alizichota wapi? Kwa nyuma, upande wa kijito. Mbele hakugusa, na nyasi za juu hakugusa. Mhina akitoka msikitini kila Ijumaa anasimama barabarani, anatazama chini, anaona rundo lake liko vilevile, anatabasamu. Kumbe limekuwa kama ngoma, nje ngozi, ndani upepo.

Aliyejua ni Stumai peke yake. Alikuwa amerudi kwao kutoka kwa mume, mtoto mgongoni, na mtu aliyerudi kwao huona mengi.

"Mama, baba akijua atakuacha."

"Aniache aniweke wapi? Kota yenyewe tunaondoka."

Alisema kwa mzaha, lakini ilikuwa kweli. Mhina alikuwa ameambiwa astaafu, na masika yakiisha wampishe mlinzi mpya. Kiinua mgongo alichopewa kilitosha mabati, mbao na ujira wa fundi. Tofali, akamwambia meneja kwa majivuno, anazo. Mwajabu akasikia, akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Masika yakashuka. Kijito kile ambacho watoto hukivuka bila kukunja nguo kikavimba mchana kweupe, kikapanda kiwanja. Mhina na Mwajabu walikuwa wamesimama barabarani. Waliliona rundo likikunja magoti, ukuta wa mbele ukaingia ndani, maji yakapita katikati, na ikawa basi. Maji yalipopungua tofali zilikuwa zimesombwa, palibaki tope jekundu na vipande.

Mhina akakaa chini, suruali kaikunja mpaka magotini, kama mtu anayesubiri gari. Hapo ndipo Mwajabu akamwambia yote. Hakubakisha hata moja, wala ile kanzu ya uvunguni.

Mzee akakunjua suruali yake. Kisha akasema, "Lingekuwa limejaa lingesimama."

"Lingekwenda lote."

"Lingesimama, Mama Sefu."

Na mpaka leo hakuna anayejua, maana kijito hakikuulizwa.

Kesho yake Mwajabu akaenda kudai. Kwa Bi Kibibi akakaribishwa vizuri, akapewa kahawa, akaambiwa, "Mwenzangu, jiko limeshashika moto, nitalitoaje?" Akarudi na sahani ya mihogo. Kwa Bi Mwanshamba akarudi na pole. Jioni akakaa kitandani katika nyumba isiyo yake, akahesabu siku za masika zilizobaki, akalia kwa sauti ndogo ili Mhina asisikie.

Stumai alisikia. "Mama, nitajie ni nani na nani."

Mwajabu akamtajia wote pale pale, bila kukwama. Kila tofali aliikumbuka kwa habari iliyoletwa nayo.

Jumamosi palikuwa na harusi, na wanawake wote wa shambani walikuwepo, wamejifunga kanga sare. Ngoma ilipokolea Stumai akaingia katikati, akaomba kuimbisha. Akaimba:

"Jiko zuri la Bi Kibibi, tofali zimetoka wapi?"

Wanawake wakacheka, wakaitikia: "Kwa Mwajabu."

"Kisima cha Bi Mwanshamba, tofali zimetoka wapi?"

"Kwa Mwajabu."

"Na Mwajabu mwenyewe atalala wapi?"

Hapo hakuitikia mtu. Akarudia tena, na akaongeza jina jingine, na jingine. Choo cha madrasa hakukiimba. Kabla ubwabwa haujaiva wanawake walishaanza kutafuta viatu vyao.

Asubuhi tofali zikaanza kuingia. Zilikuja kichwani, zilikuja kwenye baiskeli, zilikuja kwenye toroli. Bi Kibibi alibomoa jiko, akapika nje kwa mafiga, na kwa mwezi mzima hakumsalimia Mwajabu. Walioshindwa kubomoa walichoma tanuru mpya kwa pamoja, wakisutana wenyewe kwa wenyewe. Safari hii zote zilipangwa juu, barabarani. Mhina alizipokea moja moja, akizigonga kwa ukucha kusikia kama zimeiva.

Nyumba ikasimama. Haikuwa ile kubwa aliyoipigia hesabu Mhina, ila ilikuwa na vyumba viwili nyuma na kimoja mbele chenye mlango wa barabarani. Walihamia mlinzi mpya akiwa ameshaleta kitanda chake pale kota. Usiku huo mvua ilinyesha juu ya mabati yao, na Mwajabu alilala mpaka jua likaingia dirishani. Alipoamka alikaa tu, akaitazama dari isiyo na deni, akajicheka.

Basi akaja fundi cherehani mmoja, jina lake Ngereza, akataka kupanga chumba cha mbele. Alikuja na kodi ya kwanza mkononi. Akaamkia, akapewa kiti na chai, akauliza, "Kodi hii, wazee wangu, nimkabidhi nani, leo na siku zote?"

Mhina akasema, "Mimi. Nani aliyefyatua tangu hawa hawajazaliwa? Hakuna tofali iliyokopwa ambayo mimi sikuichoma. Mkiniachia kodi hii nitaanza kuweka tena. Uzee haujaisha, ndiyo kwanza unaanza."

Mwajabu akasema, "Uliweka, ndiyo, uliweka mdomoni mwa maji. Zilizobaki ni zile nilizotoa mimi, na watoto walisoma kwa vitumbua vyangu. Nipeni kodi niingie upatu na wenzangu, pesa izunguke kwa watu."

"Wewe ulitoa kwa sababu ya umbea," Mhina akamwambia.

"Umbea umekujengea nyumba, Baba Sefu. Kunywa chai."

Stumai alikuwa amesimama mlangoni, mtoto ubavuni. "Baba, zako zimekwenda na maji. Mama, zako zilikuwa zimeshakuwa majiko ya watu. Aliyezirudisha ni mimi, na nimeuza haya yangu mbele ya shamba zima. Nani atakuja kunioa tena, akishajua naimba madeni? Huyu mtoto ataanza shule. Ninyi mmeshapata pa kulala. Nipeni mimi."

"Umenigombanisha na Bi Kibibi," mama yake akasema.

"Nimekupa pa kumkaribishia Bi Kibibi."

Wakacheka wote watatu, maana nyumba ilikuwa yao na hakuna wa kuwatoa. Lakini waliponyamaza, pesa ilikuwa bado iko mkononi mwa fundi, na chai yake imepoa. Akamtazama mzee. Akamtazama bibi. Akamtazama binti na mtoto wake.

Haya, mliokaa hapa mkinisikiliza huku mnatafuna, simameni badala ya fundi Ngereza. Aliyeweka, aliyekopesha, na aliyedai: je, wewe kodi ile ungeitia mkononi mwa nani?