Mafuriko ya Dutumi

Kula pamoja huleta mapenzi, na mapenzi hayo huonekana mazito kama jiwe. Uzito wake wa kweli, hata hivyo, haujulikani mpaka siku ya kufa.

Kampuni ya meli ya Nanga Njema ilipochimba mabwawa ya sato huko Dutumi, karibu na Mto Ruvu, usimamizi alipewa Silas. Kila jioni alikaanga samaki akala na msaidizi wake, Lusajo, pamoja na Maulidi, dereva wa lori.

"Ninyi ndio ndugu zangu," aliwaambia.

Ndugu yake wa tumbo moja, Shija, alikuwa mfugaji. Kiangazi kilipowakondesha ng'ombe wake wakabaki mifupa mitupu, alikuja kuomba maji.

"Haya ni maji ya kampuni," Silas alimjibu mbele ya wenzake. "Wakifa, shauri lako."

Shija aliinamisha kichwa, akaswaga mifugo yake akaenda zake. Tangu hapo hawakusalimiana, hata walipokutana kwa mama yao, Yunis.

Masika yakaja, Ruvu ukafurika. Bosi wa kampuni alimpigia Silas simu kutoka bandarini. "Samaki hao ni shehena yangu! Asitoke hata mmoja!"

Silas aliingia bwawani kuwazuia samaki kwa wavu. Ghafla ukingo ukamomonyoka, wavu ukamnasa miguu, maji yakamfika kidevuni.

"Lusajo! Maulidi! Nishikeni!"

Wale wawili, waliosimama kando ya lori, wakatazamana. "Tutakufa wote, kaka," Lusajo alisema akirudi nyuma. Wakapanda lori, wakaondoka.

Shija alikuwa akihamishia ng'ombe wake mwinukoni aliposikia ukelele. Aliitambua sauti ile. Alichomoa kisu, akajitosa.

"Rudi, Shija! Una watoto!"

"Nyamaza. Shika bega langu."

Alikata nyuzi huku maji yakimpiga usoni. Alikuwa ameukomboa mguu mmoja wakati ukingo wote ulipoporomoka.

Maji yalipopungua, walikutwa kwenye tope, wamekumbatiana kama pacha tumboni. Waliokwenda kuwachukua walijaribu kuwatenganisha, wakashindwa.

"Waacheni," Yunis alisema. Hakuwa na machozi tena. "Wachimbieni kaburi moja."

Lusajo, msimamizi mpya, alifika mazikoni pamoja na Maulidi. Walisimama nyuma ya watu wote, macho chini. Hakuna aliyewalaumu kwa neno. Kaburi lilikuwa limekwisha kusema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.